Gyokuro: maji ya kwanza asali, maji ya pili shubiri. Kosa liko wapi?

#1 Buli la Udongo
Wakuu salaam. Swali kwa wanywaji wa chai ya kijani ya Kijapani, hasa gyokuro.

Vipimo ni hivi: majani gramu 5, maji mililita 60, joto digrii 55, dakika 2. Inatoka kama mililita 40, nzito, tamu, ladha ya supu kabisa. Halafu maji ya pili: mililita 80, digrii 80, dakika 1. Hapo ndipo uso unakunjamana. Pakiti ni ya gramu 50, imeandikwa Yame, Fukuoka. Maji ni ya kuchujwa kwa mtambo wa RO, ule unaosukuma maji kwenye utando. Buli ni kyusu ya udongo, ile yenye mpini wa pembeni, mililita 150.

Kosa ni joto, muda, maji au jani lenyewe?

#2 Tangawizi Kali
Gramu 5 kwa mililita 60? Hiyo si chai, hiyo ni dawa ya minyoo 😂 Tia maziwa, tangawizi na sukari vijiko vitatu, uchungu utahama wenyewe.

Ngoja wajuzi waje, nimevuta kiti.

#3 Chujio Pevu
Mkuu, kosa ni hiyo dakika 1. Jani la gyokuro linakuja limesokotwa jembamba kama sindano. Maji ya kwanza yanatumia muda mwingi kuloweka na kulifungua, ndiyo maana yanahitaji dakika 2. Maji ya pili yanalikuta limeshafunguka, hakuna cha kusubiri. Sekunde 10 hadi 20, mimina. Maji ya tatu ndiyo unarudi juu, sekunde 30 hadi 60, kwa sababu kilichobaki ni kidogo.

Watu wengi wanadhani muda unapanda kwa mpangilio 1, 2, 3. Kwa chai hii unashuka kwanza ndipo unapanda.

#4 Mama Zafarani
Kabla hatujailaumu saa, tuulize buli lilimiminwa hadi tone la mwisho? Gramu 5 zinanyonya maji mara 3 hadi 5 ya uzito wake, kwa hiyo mililita 15 hadi 25 zitabaki ndani ya jani, hizo huna la kufanya. Lakini zikibaki nyingine 5 au 10 chini ya buli, zinaendelea kukamua jani wakati wewe unakunywa kikombe cha kwanza, na zote zinaingia kwenye kikombe cha pili zikiwa nzito.

Namna ya kumimina: inamisha buli polepole, likifika mwisho lisimamishe wima mdomo chini, subiri matone, kisha litikise kwa mkato mara mbili tatu. Tone la mwisho ndilo zito kuliko yote. Baada ya hapo bandua majani yaliyoganda kwenye chujio kwa kulipigapiga buli mgongoni na kiganja, na acha kifuniko wazi. Ukifunika, majani yanaendelea kuiva kwa mvuke wake.

#5 Chujio Pevu
> Mama Zafarani kasema: Ukifunika, majani yanaendelea kuiva kwa mvuke wake.

Mama, shikamoo, lakini hilo ni la sencha, chai ya kijani ya kawaida ya Kijapani, ya digrii 80. Kwa maji ya 55 mvuke wa kuivisha jani unatoka wapi? Buli lenyewe linashikika kwa mkono mtupu.

#6 Mama Zafarani
Marahaba mwanangu. Baada ya maji ya kwanza, sawa. Baada ya maji ya pili ya 80, je? Funika uone rangi ya jani dakika tano baadaye. Linageuka kijani cha mzeituni.

#7 Dr Katekini
Tuanze na utambuzi. Buli la Udongo, ni uchungu au ni ukakasi? Uchungu ni ladha, na unaondoka ukinywa maji. Ukakasi unakausha ulimi na fizi na unabaki. Hivi ni vitu viwili na vina vyanzo viwili: kafeini inaleta uchungu bila ukakasi, katekini zinaleta vyote viwili.

Sasa kemia kidogo. Utamu ule wa supu unatokana zaidi na theanini, aina ya asidi amino, ambayo ilitengwa kutoka kwenye majani ya gyokuro mwaka 1950. Theanini inatengenezwa mizizini, inapanda hadi kwenye jani, na jua likiipata inageuzwa kuwa katekini. Ndiyo maana shamba la gyokuro linafunikwa siku 20 hivi kabla ya kuchuma: kivuli kinazuia mageuzi hayo. Theanini inayeyuka kirahisi hata kwenye maji baridi. Katekini kali, hasa EGCG, zinataka joto. Kafeini nayo inatoka zaidi kadiri maji yanavyokuwa moto.

Kwa hiyo kwa digrii 55 umechukua utamu karibu wote na kuacha ukali ndani. Kisha ukaingia na 80 kuuchota ukali wakati hakuna tena utamu wa kuufunika. Kosa ni joto, si saa. Shuka hadi 60 au 65 kwa maji ya pili, 75 ya tatu.

#8 Mpwani Halisi
Yaani kama nazi: tui la kwanza zito na tamu, la pili jepesi. Hakuna anayekamua tui la pili akalia halina mafuta. Bwana Buli, huna kosa wewe. Chai imemaliza utamu, basi.

#9 Dr Katekini
Mpwani, mfano mzuri ila tui la pili haliwi chungu 😄

#10 Nyanda za Juu
Swali la msingi limerukwa. Hiyo 80 imepimwa kwa kipimajoto au kwa kuhamisha maji kikombe hadi kikombe? Vitabu vinasema kila ukimimina maji kwenye chombo kingine yanashuka digrii 10. Hiyo ni kwa nchi yenye baridi, vyombo vizito, na birika lililoanza na 100. Huku kwetu mambo mawili yanaharibu hesabu.

Kwanza, maji yanachemka chini ya 100 ukiwa juu. Kila mita 300 unapoteza karibu digrii 1. Mbeya na Nairobi, mita 1,700 hivi, yanachemka kwenye 94. Arusha kama 95. Dar, Tanga na Mombasa 100 kamili. Pili, kikombe cha Dar kiko kwenye joto la chumba la 28 au 30, kwa hiyo kinapoza kidogo kuliko kikombe cha Kyoto mwezi wa kwanza. Mtu wa Dar anayehamisha mara mbili na kuamini ana 80 anaweza kuwa na 86.

#11 Buli la Udongo
Asanteni. Nipo Dar. Kipimajoto ni kile cha jikoni cha kuchomeka kwenye nyama. Dr, vyote vipo: uchungu kwanza, ukakasi unafuata. Mama Zafarani, naona kweli huwa yanabaki kidogo chini.

#12 Kijana wa Eastleigh
Kipimajoto cha nini wadau? Maji yaliyochemka na maji baridi nusu kwa nusu, unapata 60. Kwisha.

#13 Nyanda za Juu
> Kijana wa Eastleigh kasema: nusu kwa nusu, unapata 60.

Piga hesabu. Dar: 100 na 28, nusu kwa nusu ni 64. Nairobi: 94 na 20 ni 57. Kwa gyokuro tofauti ya digrii 7 inaonekana kwenye ulimi. Ukitaka 60, Dar changanya mililita 100 za kuchemka na 125 za baridi, Nairobi 100 na 85. Hapo bado buli halijachukua chake, la udongo lisilopashwa litakula digrii kadhaa tena. Na hayo ya baridi yawe yamechemshwa au kuchujwa, usichote bombani.

#14 Kijana wa Eastleigh
Umeniweza, buda. Lakini naongeza: tatizo ni maji. Maji ya chumvi ndiyo yanaleta uchungu.

#15 Dr Katekini
Ni kinyume. Maji magumu, yenye kalsiamu na magnesiamu nyingi, yanapunguza katekini zinazotoka. Chai inakuwa na rangi iliyofifia, kahawia kidogo, harufu hafifu, utando juu, na ladha bapa. Haiwi chungu zaidi. Yanayoleta ukali ni yale matupu. Na ndugu yetu kasema anatumia RO! Mtambo wa RO unaondoa karibu madini yote, hakuna cha kuzuia katekini, inatoka yote.

Maji ya Japani kwa kawaida ni laini lakini si matupu. Tafuta ya chupa yenye ugumu wa jumla kati ya miligramu 30 na 80 kwa lita. Lebo ikiandika kalsiamu na magnesiamu peke yake, zidisha kalsiamu kwa 2.5 na magnesiamu kwa 4.1, jumlisha. Kama una RO tayari, changanya na maji yenye madini hadi ufike humo.

#16 Mswahili wa Muscat
Nathibitisha upande huo. Huku Ghuba maji mengi yametolewa chumvi ya bahari, na chupa nyingi za madukani zina madini kidogo sana. Sencha inatoka kali na nyembamba, ina makali lakini haina mwili. Ukichanganya na chupa ya madini robo kwa robo tatu inatulia. Ila msizidishe, nusu kwa nusu tayari harufu ya mwani inakufa.

#17 Tangawizi Kali
Harufu ya MWANI? Na watu mnalipa pesa?

#18 Mama Zafarani
Ndiyo, na ikikosekana ujue umeuziwa kitu kingine. Inaitwa ooika, harufu ya kivuli. Inatokana na salfa, dimethili salfaidi, ambayo ni kitu kilekile kinachonusa kwenye mwani mkavu. Jani lililokaa juani lina kidogo tu ya hiyo.

#19 Soko la Majani
Nilikuwa nasubiri mtu afike hapo. Mnajadili maji na saa, hakuna aliyeuliza kama hiyo ni gyokuro. "Yame" ni mahali, si aina. Yame wanatoa sencha pia, na kabusecha, ambayo inafunikwa wiki moja hadi mbili tu. Kabusecha ukiipika kwa vipimo vya gyokuro, maji ya kwanza yanapendeza, ya pili yanakung'ata, kwa sababu katekini ziko nyingi zaidi. Hiyo ndiyo dalili aliyoieleza.

Angalia lebo ya nyuma. Gyokuro inaandikwa 玉露. Kabusecha かぶせ茶. Tena mwaga majani kwenye sahani nyeupe: gyokuro nzuri ni sindano nyembamba, kijani iliyokolea kuelekea nyeusi, zinang'aa. Ukiona rangi ya njano, vijiti vingi na unga, umechanganyiwa.

Na mchumo. Mchumo wa kwanza wa majira ya kuchipua, karibu Mei mosi na wiki zinazozunguka hapo, una theanini nyingi kuliko mchumo wa pili wa kiangazi. Muuzaji asiyetaja mchumo ana sababu yake.

#20 Buli la Udongo
Lebo ina 玉露. Mchumo haujatajwa. Sindano zipo ila pakiti imefika katikati na chini kuna unga.

#21 Soko la Majani
Basi unga. Vipande vidogo vinazama chini ya pakiti kwa kutikiswa njiani. Ukifika nusu unaanza kuchota vumbi, na vumbi linatoa kila kitu kwa sekunde chache. Pakiti mpya ilaze ubavu, izungushe taratibu kabla ya kuchota, na chota kwa kijiko kirefu hadi chini. Usitikise kama chupa ya dawa, utavunja hata zilizo nzima.

#22 Chujio Pevu
Kwa hiyo sasa tuna saa, joto, RO, mabaki ya buli, kabusecha na vumbi. Bado majini na jicho baya 😂

Tuache porojo. Bwana Buli, fanya hivi. Pika maji ya kwanza kama kawaida. Kisha gawa majani yaliyoloa kwenye vikombe vitatu sawasawa, kila kimoja kinapata kama theluthi, na kila kimoja mililita 25. Cha A: RO, digrii 80, sekunde 15. Cha B: RO, digrii 60, dakika 1. Cha C: maji ya chupa yenye madini, digrii 80, dakika 1. Chuja vyote kwa chujio moja lililosuuzwa, viache vifikie joto sawa ndipo uonje. Chai ya moto na ya vuguvugu hazilinganishiki, ulimi unasikia uchungu tofauti.

#23 Nyanda za Juu
Na vikombe vyote vipashwe kwanza, mililita 25 kwenye kikombe baridi zinapoteza joto kabla hujahesabu tano.

#24 Mpwani Halisi
Wakati tunasubiri majibu: nimesikia gyokuro ilianza 1738, kweli?

#25 Soko la Majani
Hapana. 1738 ni Nagatani Soen wa Ujitawara, karibu na Uji, na jambo lake ni sencha: kuivisha jani kwa mvuke kisha kulikausha huku likisokotwa kwa mkono juu ya jiko. Gyokuro inahesabiwa kuanzia 1835, na jina linalotajwa ni Yamamoto Kahei, mfanyabiashara wa chai wa Edo, Tokyo ya leo. Maeneo yanayojulikana kwa gyokuro leo ni matatu: Uji pamoja na Kyotanabe, Yame, na Asahina kule Okabe, Shizuoka.

#26 Mpwani Halisi
Ahsante. Na mvuke ndio unaotenganisha na ya Kichina?

#27 Soko la Majani
Kwa sehemu kubwa. Wachina wengi wanakaanga jani kwenye karai kuzuia lisigeuke jeusi, Wajapani wanalipiga mvuke. Mvuke wa sekunde 30 hivi unaacha jani zima, chai inatoka angavu, njano ya kijani. Mvuke wa dakika moja hadi mbili, fukamushi, unalilegeza, linavunjika kwenye mashine, chai inatoka nzito na ya mawingu. Fukamushi ukiipika kwa dakika 2 utalia. Sekunde 30 hadi 45 inatosha, na chujio la buli liwe la wavu wa chuma wenye vitundu vidogo au la matundu madogo ya udongo mengi, la matundu makubwa machache linaziba mara moja.

#28 Buli la Udongo
Majibu. A: uchungu umepungua sana ila chai nyepesi, karibu maji. B: tamu kidogo, nzito, ukakasi upo mwishoni. C: uchungu umepungua lakini rangi imefifia na ile harufu ya mwani haipo.

#29 Chujio Pevu
A! Si nilisema saa?

#30 Dr Katekini
B inaonyesha wazi kuwa joto ndilo. Dakika 1 nzima na bado tamu.

#31 Mswahili wa Muscat
Mmeiruka C. Joto 80, dakika 1, na bado uchungu umeshuka. Kilichobadilika ni maji tu.

#32 Mama Zafarani
Na safari hii majani yalitolewa ndani ya buli, kwa hiyo hakuna mabaki ya chini. Hata C imenufaika. Nimenyamaza tu nawatazama.

#33 Soko la Majani
Na ukakasi wa B kwa digrii 60? Gyokuro safi kwa 60 haina ukakasi. Narudia: kabusecha, au mchumo wa pili, au imezeeka.

#34 Kijana wa Eastleigh
Hahaha kila mtu ameshinda. Hii ni kama uchaguzi.

Swali langu: kwa nini chai yetu ya kijani ya Kenya haipikiki hivi? Joto 60 na bado inakwaruza.

#35 Dr Katekini
Mti ni tofauti. Mashamba mengi ya Kericho, Nandi, Mufindi na Rungwe yana mti wa aina ya Assam, wenye jani pana na katekini nyingi. Hiyo ni sifa njema kwa chai nyeusi ya punje, inatoa rangi na nguvu ya kubeba maziwa. Japani wana aina ya Kichina, jani dogo, na theluthi mbili au zaidi ya mashamba kwa muda mrefu yalikuwa ya Yabukita, mbegu iliyochaguliwa Shizuoka na Sugiyama Hikosaburo mwaka 1908 na kusajiliwa 1953. Tena huku tunachuma mwaka mzima karibu na ikweta, jua la kutosha, hakuna kivuli. Ya Kenya ipike kwa gramu 2 kwa mililita 200, digrii 75, dakika moja na nusu. Ukilazimisha vipimo vya gyokuro unajitesa.

Ile ya zambarau, TRFK 306/1, iliyotolewa 2011, ni kisa kingine. Ukitia limau inageuka waridi. Kwa ladha, ukakasi mtupu.

#36 Tangawizi Kali
Tukirudi kwenye afya. Kikombe cha mililita 40 kina madhara gani? Naona mnaongea kama kinywaji cha watoto.

#37 Dr Katekini
Usikidharau. Jedwali la vyakula la serikali ya Japani linaipa gyokuro iliyopikwa gramu 10 kwa mililita 60 kafeini ya miligramu 160 kwa kila mililita 100. Kahawa kwenye jedwali hilohilo ni 60, sencha 20. Kinachookoa ni kwamba unakunywa kidogo. Mtu akiimimina kwenye kikombe kikubwa cha asubuhi hatalala hadi kesho kutwa. Tumbo tupu pia si vizuri, inaleta kichefuchefu.

#38 Mpwani Halisi
Halafu majani yakiisha mnatupa? Pesa yote hiyo?

#39 Mama Zafarani
Tunakula. Baada ya maji ya tatu jani la gyokuro ni laini kama mboga. Kamua, tia mchuzi wa soya kidogo na ndimu, kula na wali mweupe. Wajapani wanatumia ponzu, ambayo ni soya na jamii ya ndimu, kwa hiyo hatujakosea. Jani la sencha ya kawaida ni gumu zaidi, litafune ukipenda, na la bancha, chai ya majani yaliyokomaa, usithubutu.

#40 Tangawizi Kali
Mchicha wa bei ya dhahabu. Nimenyoosha mikono.

#41 Jikoni Zenji
Nimechelewa. Kwani matcha si gyokuro iliyosagwa? Nina gyokuro iliyozeeka, nataka kuisaga kwenye mashine ya viungo.

#42 Soko la Majani
Usifanye hivyo. Matcha inatokana na tencha. Tencha inafunikwa kama gyokuro na kupigwa mvuke, lakini haisokotwi, inakaushwa ikiwa imenyooka, kisha mishipa na vijiti vinaondolewa. Linabaki jani tupu, jepesi. Gyokuro imesokotwa na mishipa imo. Ukiisaga utapata mchanga wa kijani unaozama chini ya bakuli. Na mashine ya viungo inachemka, jani linaungua. Jiwe la kusagia matcha linatoa kama gramu 40 kwa saa kwa sababu hiyo. Achilia mbali bizari iliyobaki kwenye kisu.

Gyokuro iliyozeeka ikaange: kikaango kikavu, moto mdogo, koroga bila kuacha hadi iwe kahawia na inukie, ndani ya dakika chache. Hiyo ni hojicha yako. Ipike kwa maji yanayochemka kabisa, sekunde 30. Kafeini yake si kidogo kama hojicha ya dukani, kwa sababu ile inakaangwa kutokana na bancha na vijiti.

#43 Jikoni Zenji
Shukrani, umeiokoa mashine yangu. Inazeeka kwa nini wakati iko kwenye friji?

#44 Nyanda za Juu
Kwa sababu ya friji. Pakiti isiyofunguliwa, iliyojazwa naitrojeni, friji ni sawa. Tatizo ni kuitoa. Ukiifungua ikiwa baridi kwenye hewa ya Zanzibar, unyevu unaganda juu ya majani papo hapo, na jani kavu likishapata maji linaanza kupoteza rangi na harufu. Itoe usiku, ifungue asubuhi ikiwa joto la chumba. Ukishaifungua usirudishe friji kila siku. Gawa gramu 10 au 15 kwenye kopo dogo la bati lenye kifuniko cha ndani, zilizobaki zifunge hewa ikiwa imekamuliwa. Kopo limalizike ndani ya wiki mbili. Na lisikae kabati moja na karafuu, chai inavuta harufu ya jirani.

#45 Chujio Pevu
Uzi umehama sana. Bwana Buli, kama unataka kumaliza mzozo bila kipimajoto wala saa, tumia barafu. Gramu 5 kwenye buli, vipande vitatu au vinne vya barafu juu yake, vikiyeyuka mimina. Kwa joto la Dar ni dakika 40 hadi saa moja. Utamu mtupu, uchungu karibu haupo.

#46 Soko la Majani
Na baada ya hapo maji ya pili atatia ya digrii ngapi? 😄

#47 Chujio Pevu
...60. Sekunde 15.

#48 Dr Katekini
60, lakini hata dakika nzima.

#49 Mswahili wa Muscat
Barafu ya maji gani?

#50 Mama Zafarani
Ya maji yoyote mazuri, ila mfuniko juu ya trei. Barafu iliyokaa jirani na pweza itakupa harufu ya bahari ambayo Yame hawaijui. Na kwa wasio na gyokuro: sencha gramu 10 kwenye lita 1 ya maji baridi, friji saa 3 hadi 6, chuja, nywa siku hiyohiyo.

#51 Buli la Udongo
Nashukuru wote. Naagiza pakiti nyingine kwa muuzaji anayetaja mchumo, kisha narudi na A, B na C upya. Kuna anayejua wapi Kariakoo wanauza mizani ndogo ya sonara inayosoma sehemu ya kumi ya gramu?